Volti 6, volti 12 na ethi ya chanya: historia ya umeme wa magari ya zamani

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, wasomaji wangu. Nataka tuzungumze juu ya betri za magari, hasa yale ya zamani, na jinsi yalivyokuwa yakijichaji. Nina sababu mbili. Ya kwanza, historia hii inafanana mno na mambo tunayohangaika nayo sisi tunaoandika programu. Ya pili, historia yenyewe imo vichwani mwa mafundi wazee, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

Ukikaa Otonglo, kando ya barabara inayotoka Kisumu kwenda Busia, utaona karibu kila chombo cha moto kinachotembea Kenya. Bodaboda ina betri ya volti 12. Matatu ina volti 12. Probox iliyobeba watu na magunia ina volti 12. Lori linalokwenda mpakani lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa zikawa 24. Ukiingia duka la vipuri ukaomba balbu ya pikipiki au ya matatu, muuzaji hakuulizi volti ngapi. Anajua. Na betri ya gari ikilala, dereva yeyote atasimama, atatoa waya za jampa, ataunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na safari itaendelea.

Haikuwa hivyo zamani. Miaka ya 1950 na 1960, kwenye barabara hii hii, kungeweza kupita magari matatu yasiyoelewana hata kidogo kwa upande wa umeme. Volkswagen ile ya mgongo wa duara ilikuwa na volti 6, na upande wa hasi wa betri ulifungwa kwenye bodi. Land Rover ilikuwa na volti 12, lakini upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Peugeot 403 ilikuwa na volti 12 na hasi kwenye bodi, kama magari ya leo. Fundi aliyeletewa gari alilazimika kuuliza maswali mawili kabla ya kushika waya wowote: volti ngapi, na ethi ni ipi? Akikosea moja, anachoma kitu.

NAMBA 12 ILITOKA WAPI?

Tuanze na kemia. Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Seli moja ya betri hiyo hutoa volti 2 na kidogo, na hakuna ufundi wa kuibadilisha namba hiyo, kwa sababu inatokana na risasi na asidi zenyewe. Ukitaka zaidi unapanga seli. Seli tatu ni volti 6. Seli sita ni volti 12. Ndiyo maana betri ya gari ya kumimina maji ina vifuniko sita. Vihesabu utaona.

Magari ya kwanza hayakuhitaji umeme mwingi. Injini ilizungushwa kwa hendeli, na taa nyingi zilikuwa za mafuta au za gesi. Mambo yalibadilika Cadillac ya mwaka 1912 ilipotoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Sasa gari lilihitaji betri ya kuzungusha injini, na mashine ya kuirudishia betri ile chaji yake. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani na vingine vingi viliona seli tatu zinatosha. Injini zilikuwa hafifu, taa chache, redio hakuna. Volti 6 zikawa mazoea.

Kilichoyavunja mazoea hayo ni injini kubwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walianza kuunda injini zenye mgandamizo mkubwa ambazo stata ya volti 6 ilizizungusha kwa taabu. Magari kadhaa ya General Motors yakahamia volti 12 mwaka 1953, Chevrolet ikafuata na magari yake ya 1955, na Ford na yake ya 1956. Waingereza wengi walikuwa wameshatangulia. Land Rover iliyoanza 1948 na Morris Minor ya mwaka huo huo zilitoka kiwandani na volti 12. Volkswagen ilichelewa. Beetle nyingi zilibaki na volti 6 hadi magari ya mwaka 1967, na baadhi ya zile za bei nafuu ziliendelea hata baada ya hapo.

Hakukuwa na mkutano wa dunia uliopiga kura ya 12. Ni kama sisi na ile mistari ya herufi 80. Kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, skrini za baadaye zikairithi namba hiyo, na hadi leo kuna watu wanakata mistari ya programu zao kwenye herufi ya 80 bila kujua kwamba wanaitii kadi ya karatasi ya karibu miaka mia moja iliyopita.

HESABU KIDOGO, MSIKIMBIE

Kwa nini volti 6 zilikuwa shida? Chukua taa mbili za mbele, kila moja wati 45. Jumla wati 90. Kwenye volti 6 zinavuta ampea 15. Kwenye volti 12 zinavuta ampea 7.5 tu. Kazi ni ile ile, mkondo ni nusu.

Sasa weka kutu. Gari likizeeka, waya, swichi na vifungo vya bodi huanza kuuzuia umeme. Tuseme njia nzima imepata ukinzani wa omu 0.05, ambao ni mdogo sana. Kwenye gari la volti 6 utapoteza volti 0.75 njiani, na taa itabaki na 5.25. Kwenye gari la volti 12 utapoteza chini ya volti 0.4, na taa itabaki na zaidi ya 11.6. Yaani gari la kwanza limepoteza asilimia 12.5 ya volti zake na la pili asilimia 3 hivi. Kutu ni ile ile, lakini hasara imekuwa mara nne.

Na balbu ya waya haisamehi. Mwanga wake hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikipungua asilimia 12.5, mwanga unapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Lile gari la volti 12 linapoteza kama sehemu moja ya kumi, na huenda hata usione tofauti. Hapo ndipo ilipotoka sifa mbaya ya Volkswagen za zamani, kwamba taa zake ni za mshumaa.

Lakini angalia vizuri hesabu hiyo. Ukinzani ukiwa sufuri, hakuna hasara yoyote, iwe volti 6 au 12. Volti 6 hazikuwa na ubovu ndani yake. Zilichohitaji ni waya nene na vifungo safi. Stata ikizunguka kwa uvivu kwenye gari la volti 6, mara nyingi chanzo ni mtu aliyewahi kubadilisha waya mnene wa betri akaweka mwembamba wa gari la volti 12, kwa sababu ndio uliokuwa dukani.

VOLTI SITA ZILIZOSHINDA SAFARI

Wanaosema volti 6 ni za kuchezea, wakumbushe Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa maelfu ya kilomita za matope, vumbi na usiku mwingi wa kuendesha. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Mwaka 1957 Gus Hofmann na Arthur Burton wakashinda kwa Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider wakashinda tena kwa Volkswagen. Zote hizo ni Beetle za enzi ya volti 6.

Iliwezekanaje? Jibu liko chini ya kiti cha nyuma. Betri ya Beetle inakaa hapo, na injini iko nyuma yake kidogo tu, kwa hiyo waya unaokwenda kwenye stata ni mfupi. Waya mfupi na mnene, ukinzani mdogo, hasara ndogo. Injini nayo ilikuwa ndogo na mgandamizo wake hafifu, stata haikuwa na mzigo mkubwa. Wahandisi walijua udhaifu wa volti 6 na wakalipanga gari zima kulingana nao. (Ila mpangilio huo ulikuwa na hatari yake. Spring za kiti cha nyuma zikikandamizwa na abiria wazito zinaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto. Ukiwa na Beetle, hakikisha kifuniko cha betri kipo. Tafadhali.)

Baada ya hapo zamu ikaenda kwa volti 12. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Na katikati, mwaka 1965, alishinda jirani yetu, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo PV544. Volvo hiyo ni mfano mzuri wa mambo ninayoyasema. PV544 za mwanzo zilikuwa na volti 6. Ilipopata injini mpya ya B18 mwaka 1961, ikapewa na volti 12. Bodi ni ile ile, jina ni lile lile, na ukiziona mbili zimeegeshwa pamoja si rahisi kuzitofautisha kwa mbali. Sisi tungesema toleo limebadilika na namba ya toleo haikubadilika!

DINAMO, KATAUTI NA ALTANETA

Betri ni tangi tu. Swali kubwa ni nani anaijaza. Kwenye magari ya zamani aliyeijaza ni dinamo. Ndani yake kuna kiini chenye nyaya za shaba kinachozunguka katikati ya sumaku za umeme, na umeme wote unaozalishwa lazima upite kwenye brashi za kaboni zinazosuguana na kiini hicho. Kukizungusha haraka mno kinaharibika, kwa hiyo puli yake ilipangwa izunguke taratibu. Matokeo ni kwamba gari likinguruma bila kwenda, dinamo haitoi karibu kitu. Taa nyekundu ya dashibodi inawaka au inapepesa, na betri ndiyo inayobeba mzigo.

Kando yake kulikuwa na kisanduku ambacho mafundi wetu wamezoea kukiita katauti. Ndani mna visumaku vyenye vidole vya chuma. Kidole kimoja hukata njia dinamo inapolala, ili betri isirudishe umeme wake kwenye dinamo. Kingine hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde, kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Mimi nikikitazama naona programu: kama volti zimezidi, punguza, kama zimeshuka, ongeza, rudia milele. Imeandikwa kwa spring na sumaku, na ukitaka kurekebisha kosa unatumia bisibisi.

Dinamo ya Lucas aina ya C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, ilitoa ampea 22 ikiwa nzima na ikizunguka vizuri. Hesabu mwenyewe: taa za mbele ampea 7.5, taa ndogo, koili, waipa. Unabakiwa na kidogo cha kuchaji betri. Ongeza mvua ya usiku na redio, na foleni ya kuingia mjini, hapo betri inashuka huku injini inanguruma.

Ukombozi ulitoka kwenye tasnia yetu. Altaneta, inayozalisha umeme unaogeukageuka, ilijulikana zamani, lakini betri haitaki umeme wa namna hiyo. Unahitaji kitu cha kuunyoosha, kidogo, cha bei nafuu na kinachovumilia joto la injini. Kitu hicho kilikuwa diodi ya silikoni. Chrysler iliweka altaneta kwenye Valiant ya mwaka 1960, na miaka iliyofuata viwanda vingine vikafuata. Mkondo mkubwa kwenye altaneta haupiti kwenye brashi, kwa hiyo inaweza kuzungushwa kwa kasi, na huchaji hata gari likiwa limesimama. Mapinduzi yale yale ya silikoni yaliyotupa kompyuta ndiyo yaliyoiondoa dinamo.

Dinamo ina sifa moja niipendayo. Chuma chake hubaki na usumaku kidogo hata ikizimwa, kwa hiyo inaweza kuanza kuzalisha bila kuombwa. Altaneta ya kawaida inahitaji umeme kidogo wa betri kupitia ile taa nyekundu ili iamke. Ndiyo sababu gari la dinamo lenye betri iliyokufa lilikuwa na nafasi nzuri ya kuwaka kwa kusukumwa au kwa hendeli, na la altaneta unaweza kulisukuma hadi Kisian na lisikubali.

Jambo jingine ni joto letu. Betri ikiwa ya moto inahitaji volti chache zaidi za kuichaji. Kwa betri ya volti 12, kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupunguza hitaji hilo kwa volti 0.02 hivi. Nyuzi kumi, volti 0.2. Katauti iliyorekebishwa kwa baridi ya Uingereza, ikiletwa kando ya ziwa bila kuguswa, inaweza kuichemsha betri polepole kila siku. Maji yanaisha, sahani za risasi zinabaki wazi, betri inakufa mapema.

ETHI YA CHANYA

Hili ndilo linalowachanganya vijana. Gari hutumia bodi yake kama waya wa kurudishia umeme. Upande mmoja wa betri hufungwa kwenye bodi, na huo ndio unaoitwa ethi. Leo ni hasi. Lakini kuanzia miaka ya 1930 viwanda vingi vya Uingereza vilifunga chanya kwenye bodi. Sababu zilizotolewa zilihusu kupunguza kutu kwenye vichwa vya betri na kusaidia cheche za plagi. Land Rover iliendelea hivyo hadi 1967. Morris Minor iliendelea hivyo kwa muda mrefu pia.

Altaneta ndiyo iliyomaliza mjadala. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na ukiifungia betri kinyume, diodi zinaungua papo hapo. Redio za transista nazo hazikupenda kugeuzwa. Viwanda vikakubaliana na hasi.

Dinamo haikuwa na ubishi huo. Inaweza kufanya kazi pande zote mbili, mradi uifundishe upya. Mafundi walikuwa wanageuza betri, wanabadilisha waya za koili na za kipimo cha ampea, kisha wanagusisha kwa sekunde moja waya kutoka upande wa moto wa betri kwenye ncha ya fildi ya dinamo. Cheche ndogo, basi. Usumaku umegeuka, na dinamo sasa inachaji kwa mwelekeo mpya. Sekunde moja ya kazi, lakini ukiiruka, dinamo itachaji kinyume na kuunguza vidole vya katauti.

Sasa fikiria kijana wa leo aliyesomea magari ya Toyota, akifungua boneti ya Land Rover ya mwaka 1962. Anaona waya mweusi. Kichwani mwake mweusi ni hasi. Lakini kwa rangi za Lucas mweusi maana yake ni ethi, na kwenye gari hili ethi ni chanya! Anafunga taa za LED, haziwaki. Anachomeka chaja ya simu kwenye tundu la sigara, inakufa. Anafunga jampa kama alivyozoea na bodi za magari mawili zikigusana, cheche zinaruka. Kijana huyo hana kosa la uzembe. Amefuata makubaliano ya leo kwenye chombo cha makubaliano ya jana, na hakuna aliyemwachia maelezo.

BETRI ILIPOHAMIA NYUMBANI

Volti 12 hazikubaki barabarani. Kabla umeme wa gridi haujafika vijijini, betri ya gari ilikuwa ndiyo mtambo wa nyumbani. Iliwasha televisheni ya rangi mbili na redio, na ikiisha ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe kwa malipo. Televisheni ndogo ya wati 15 inavuta ampea 1.25. Betri ya ampea 50 kwa saa, ukitumia nusu yake tu, inakupa saa 20. Saa nne kila jioni, siku tano, kisha safari ya sokoni.

Nyumba ya mshahara mdogo iliweza kuwa na televisheni kwa sababu viwanda vya magari vilikuwa vimezoea volti 12, na hivyo betri, balbu na vifaa vya 12 vilipatikana kila mahali. Hata sola ilifuata. Mwaka 1984 shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, ilifungiwa umeme wa jua na Harold Burris na Mark Hankins, ikawa mojawapo ya mianzo ya biashara ya sola ya nyumbani nchini. Paneli zilizozoeleka miaka hiyo zilikuwa na seli 36, namba iliyochaguliwa ili ziweze kuchaji betri ya volti 12.

Lakini betri ya gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Sahani zake ni nyembamba, kwa ajili ya kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za stata kisha kujazwa mara moja. Ukiimaliza kila wiki na kuiacha tupu, chumvi ya risasi huganda kwenye sahani na haitoki tena. Nyingi zilikufa hivyo. Na betri iliyokufa ni risasi, ambayo ni sumu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliijua sumu hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi hapo kuanzia 2007 hadi kufungwa 2014 kiliacha watoto na watu wazima na risasi mwilini. Phyllis Omido aliongoza mapambano ya wakazi, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda rufaa hadi Mahakama ya Upeo, ambayo Desemba 2024 iliirudisha tuzo hiyo. Kwa hiyo kuchaji betri vizuri si suala la kuokoa pesa peke yake.

TUANDIKE

Wenye magari ya zamani wanakabiliwa na uamuzi kila siku: ubaki na dinamo na volti 6, au ubadilishe kila kitu kiwe cha leo? Sitamlaumu anayebadilisha. Betri za volti 6 ni adimu, na gari ni la kutembea. Kinachonisumbua ni mabadiliko yasiyoandikwa. Utakuta Land Rover iliyogeuzwa nusu: altaneta mpya, kipimo cha ampea kinachosoma kinyume, waya mweusi ambao sasa ni hasi upande huu na haujulikani upande ule. Kila fundi ameongeza kiraka chake juu ya kiraka cha mwenzake. Wanaofanya kazi na programu za zamani wanajua uchungu huo.

Sasa basi, ukiwa na gari la zamani, au mzee wako akiwa nalo, chukua karatasi na uandike mambo haya, kisha ibandike ndani ya boneti:

Kwanza, ethi ni ipi. Usiamini rangi ya waya. Kichwa cha chanya cha betri ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Angalia waya wa bodi umefungwa kwenye kipi, kisha uhakikishe kwa mita.

Pili, volti za betri iliyopumzika, asubuhi kabla ya kuwasha. Betri nzima ya volti 6 husoma kama 6.3. Ya volti 12 husoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni nusu. Chini ya 12 karibu imekwisha, usiilaze hivyo.

Tatu, volti injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Volti 12 ikichajiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Volti 6 iwe 7 hivi, isipite sana 7.2. Ikizidi, unachemsha betri. Isipopanda kabisa, dinamo au katauti ina neno.

Nne, kila kilichobadilishwa, nani alikibadilisha na mwaka gani.

Mistari minne tu. Mafundi wetu walizishika tofauti zote hizi kichwani, 6 na 12, chanya na hasi, Lucas na Bosch, bila kitabu cha Kiswahili hata kimoja mezani. Wakati mwingine walijifunza kwa kuunguza kitu na kukilipia. Maarifa yaliyopatikana kwa gharama hiyo hayafai kuzikwa na mwenyewe. Ukimjua fundi wa dinamo aliye hai, nenda na kalamu na daftari, mwulize anavyorekebisha katauti kwa sikio, na uandike kwa maneno yake mwenyewe.